Kuchanika kwa Gegedu la Bega: Maelezo kwa Kaya

Hakuna kiungo mwilini chenye uhuru wa kugeuka kuliko bega. Mkono huinuka juu kutundika nguo kambani, hufika kisogoni kusuka nywele, huzunguka hadi mgongoni kumfunga mtoto kwa kanga. Uhuru huo una gharama yake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, lakini hakizami ndani ya shimo refu kama kichwa cha mfupa wa paja kinavyozama nyongani. Hukaa kwenye kibakuli kifupi pembeni mwa kombe la bega, na kwa wakati wowote ule ni robo hadi theluthi tu ya kichwa hicho inayogusana na kibakuli.

Kinachofidia ufupi huo ni ukingo wa gegedu gumu lenye kunyumbuka, ambao wataalamu huuita labramu. Ukingo huu huuzunguka mdomo wa kibakuli pande zote na kukishikilia kichwa cha mfupa, kama ngata inavyoushikilia mtungi kichwani mwa mchota maji. Kwa sababu yake, kina cha kibakuli huongezeka karibu maradufu. Isitoshe, kamba za mwili zinazolituliza bega zimejishikiza hapo hapo: ligamenti za mbele hushika upande wa chini, na kano ndefu ya baisepsi, ule msuli unaotuna mtu akikunja kiwiko, hushika upande wa juu. Ndiyo maana madhara ya mchaniko hutegemea sana ni upande gani uliochanika. (Gegedu laini linalofunika ncha za mifupa ni jingine; kulika kwake ndiko huleta ugonjwa wa baridi yabisi ya uzeeni, na halimo katika kijitabu hiki.)

Jinsi unavyochanika

Mchaniko wa chini upande wa mbele huitwa Bankart, kwa jina la daktari wa upasuaji wa Uingereza, Arthur Bankart, aliyeueleza mwaka 1923. Huu ni mtoto wa bega lililoteguka. Bega likiteguka, zaidi ya mara tisa kati ya kumi kichwa cha mfupa hutokea mbele, na katika kutoka huko hung'oa kipande cha ukingo, pengine pamoja na kigae cha mfupa wenyewe. Abiria aliyeanguka na bodaboda, golikipa aliyejirusha vibaya na mwanamieleka aliyevutwa mkono wote wamo katika hatari hii.

Mchaniko wa juu, ambao madaktari huufupisha kwa herufi SLAP, huja kwa njia mbili. Ya kwanza ni ajali: kuanguka na kutua kwa mkono ulionyooshwa, kudaka gunia linaloporomoka, au mkwezi wa minazi aliyeteleza akaning'inia kwa mkono mmoja. Ya pili ni kurudiarudia. Mwaka 1985 madaktari wa Marekani waliueleza mchaniko huu kwa wanamichezo warushaji, hasa wa besiboli. Mzigo wa namna hiyo huwapata pia warusha mkuki, waogeleaji na wachezaji wa mpira wa wavu na wa mikono.

Mchaniko wa nyuma ni wa nadra, ila hupitwa kirahisi. Mtu aliyepata kifafa au aliyepigwa na shoti ya umeme anaweza kuteguka bega kuelekea nyuma, na picha moja ya eksirei iliyopigwa kwa mbele inaweza kuonekana kama vile hakuna kitu. Akishindwa kuugeuza mkono kwa nje baada ya kuamka, apigwe picha ya upande mwingine pia.

Halafu kuna uchakavu wa umri. Baada ya miaka 40 ukingo huanza kufumuka nyuzi kwa watu wengi, na wengi wao hawana maumivu yoyote. Jambo hili lina uzito wakati wa kusoma vipimo.

Dalili

Maumivu ya ukingo uliochanika hukaa ndani ya kiungo, na mgonjwa hushindwa kuyaonyesha kwa kidole. Huzidi mkono ukiinuliwa juu ya kichwa, ukibeba kitu mbali na mwili, au mtu akililalia bega hilo. Bega huweza kulia "ko", kunasa katikati ya mwendo, au kupungukiwa nguvu. Kulia peke yake bila maumivu si ugonjwa. Dalili nzito zaidi ni hisia ya bega kutaka kuchomoka, kiasi kwamba mtu huogopa kuupeleka mkono nje na nyuma kama anayetaka kurusha jiwe.

Baadhi ya dalili hazingoji kesho. Bega lililopoteza umbo lake, ganzi mkononi, kiganja kilichopoa au kupauka, na homa pamoja na kiungo chenye joto na uvimbe, vyote vinahitaji hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu ya bega la kushoto yanayoambatana na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi yanaweza kuwa ya moyo, na hapo suala la gegedu liwekwe kando kabisa.

Bega likiteguka nyumbani au njiani

Kosa kubwa hufanyika katika nusu saa ya kwanza, nalo ni kulivuta. Katika kila mtaa hayupo mbali mtu anayejulikana kwa kurudisha viungo, na ni kweli kwamba mabega mengine hurudi. Lakini kwa macho haiwezekani kutofautisha bega lililoteguka tu na lililoteguka huku mfupa umevunjika. Kwapani hupita mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu, na mvuto wa nguvu unaweza kuijeruhi mishipa hiyo na kuupanua mchaniko wa gegedu.

Njia salama ni kuuacha mkono ulivyo, katika mkao ambao mgonjwa mwenyewe ameuona una nafuu, na kuutegemeza kwa kanga iliyokunjwa pembe tatu na kufungwa shingoni. Pete na bangili zivuliwe kabla vidole havijavimba. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa iwekwe kwa dakika 15 hadi 20. Maji ya moto na kuchua siku hizo za mwanzo huongeza uvimbe. Asipewe chakula njiani, kwa kuwa huenda akahitaji dawa ya usingizi ili bega lirudishwe.

Uchunguzi

Maelezo ya mgonjwa yana thamani kuliko anavyodhani: aliangukaje, mkono ulikuwa wapi, bega limewahi kuteguka mara ngapi. Daktari huupima mkono kwa kuugeuza na kuukinza, kisha huagiza eksirei ili kuona mifupa. Gegedu halionekani kwenye eksirei. Huonekana kwa MRI, na vizuri zaidi kama dawa ya kung'arisha picha imedungwa ndani ya kiungo kwanza. Kipimo hicho ni ghali na hupatikana zaidi katika hospitali kubwa, kwa hiyo si sahihi kukikimbilia kwa kila bega linalouma. Kwa mtu wa miaka 50, MRI inayoonyesha mchaniko haithibitishi kwamba huo ndio chanzo cha maumivu yake.

Tiba

Michaniko mingi, hasa ya juu na ya uchakavu, huanza kutibiwa bila kisu. Gegedu lina damu kidogo na huunga kwa shida, lakini bega linaweza kufanya kazi vizuri likisaidiwa na misuli inayolizunguka. Tiba halisi ni mazoezi yanayosimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia kwa wiki 6 hadi 12: kwanza kurudisha mwendo, kisha kuimarisha misuli ya kombe na ile inayokizunguka kichwa cha mfupa. Vifaa si lazima viwe vya kununua; utepe uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi la baiskeli unatosha kwa mazoezi ya kuvuta. Wengi huacha wiki ya tatu maumivu yanapopungua, na hapo ndipo tiba huharibika.

Parasetamoli hupunguza maumivu. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku. Ibuprofeni na diklofenaki zisitumiwe bila ushauri na mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au ujauzito. Sindano ya steroidi ndani ya bega hutuliza kwa muda, lakini haiungi kilichochanika. Nako kuufunga mkono kwa majuma mengi bila mpango hugandisha bega, hasa kwa mwenye kisukari.

Upasuaji huzingatiwa mapema zaidi kwa kijana. Aliyeteguka bega mara ya kwanza akiwa chini ya miaka 20 ana uwezekano mkubwa wa kuteguka tena, na kila mara hulika gegedu na mfupa zaidi. Siku hizi hufanywa kwa matundu madogo: kamera huingizwa ndani ya kiungo, na ukingo hushonwa kwa nyuzi zilizofungwa kwenye vijipini vilivyopachikwa mfupani. Kwa wenye umri mkubwa na mchaniko wa juu, mara nyingi daktari huhamishia kano ya baisepsi mahali pengine badala ya kushona ukingo. Mfupa wa kibakuli ukiwa umelika sana, kushona hakutoshi. Huhamishwa kipande cha mfupa kuziba pengo.

Baada ya upasuaji mkono huning'inizwa kwa wiki 3 hadi 6. Kuendesha pikipiki, kuchota maji na kubeba mtoto kwa mkono huo husubiri ruhusa. Kazi za nguvu na michezo ya kugongana hurudiwa baada ya miezi 4 hadi 6, na kwa warushaji huchukua muda mrefu zaidi. Familia iupange mzigo wa kazi za nyumbani kabla ya siku ya upasuaji.

Yeyote ambaye bega lake limeteguka zaidi ya mara moja, au amefanya mazoezi miezi mitatu kwa ukamilifu bila nafuu, aombe rufaa kwa daktari bingwa wa mifupa, na aende na picha zake zote za awali.