Mshale Una Mkia na Kichwa: Alama za Masharti kwa Wanaojiandaa Kusomea Sheria

Kijitabu hiki ni cha vijana wa Likunja, Ruangwa na Nachingwea wanaotaka kusomea sheria, hasa waliochukua HGL au HKL. Wenzao wa Hisabati ya Juu walishakutana na alama hizi kidato cha tano. Anayelenga vyuo vya Marekani atazihitaji kwenye mtihani wa kujiunga na sheria, LSAT: mafumbo ya mpangilio yaliondolewa Agosti 2024, ila hoja za masharti zimebaki. Asiyekwenda huko asizidharau, maana sheria zimejaa masharti.

Alama ni chache. A → B husomwa "ikiwa A, basi B": A iko mkiani mwa mshale, B iko kichwani. ¬A ni "si A". A ↔ B ni mshale wa pande mbili. Usiuchore mpaka sentensi yenyewe iseme hivyo.

Tazama Katiba ya 1977, Ibara ya 51. Waziri Mkuu huteuliwa miongoni mwa wabunge waliochaguliwa majimboni: W → J. Kassim Majaliwa alipoteuliwa Novemba 2015 alikuwa mbunge wa Ruangwa. Asingekuwa na jimbo, asingeteuliwa. Hiyo ni ¬J → ¬W: umegeuza pande, kisha umekanusha zote mbili. Ndiyo maana mbunge wa viti maalumu hashiki nafasi hiyo.

Wengi hugeuza bila kukanusha: J → W. Kwa hesabu hiyo mbunge wa Nachingwea naye angekuwa Waziri Mkuu, na wa kila jimbo nchini! Kukanusha bila kugeuza, ¬W → ¬J, ni kosa lilelile.

Mtihani haukupi mshale, unakupa maneno. "Kila" na "endapo" hutangulia mkia. "Lazima" na "sharti" hutangulia kichwa. "Tu" ndiyo yenye hila: "Korosho huuzwa mnadani endapo tu zimepita ghalani" ni M → G, ingawa "endapo" ipo. Ukisema "zisipopita ghalani haziuzwi mnadani", umeandika ¬G → ¬M, yaani jambo lilelile. Mwanachama wa AMCOS hahitaji kufundishwa kwamba G → M si kweli: mzigo uko ghalani, mnada bado, na pesa hajaiona.

Jipime. Ni mwenye shahada ya sheria tu anayepokelewa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo. Asha anayo shahada hiyo. Je, ni lazima apokelewe?

Jibu: Hapana. P → S. Shahada imekaa kichwani mwa mshale.