Utoto wa Kambini kama Malighafi ya Bunilizi ya Kisayansi katika Michezo ya Kompyuta

Utangulizi

Makala haya yanajadili namna mtunzi aliyelelewa katika kambi ya jeshi anavyoweza kuutumia utoto wake kutungia michezo ya kompyuta hadithi za kisayansi. Bunilizi ya aina hii si ngeni katika Kiswahili. Katika riwaya ya Walenisi (1995), Katama Mkangi anamrusha angani Dzombo, mhusika aliyehukumiwa kifo, akatufikisha katika ulimwengu mwingine ili tuutazame upya huu wetu. Je, mtoto wa askari ana nini cha kuongezea? Wengi watajibu upesi: bunduki. Makala haya yanashikilia kwamba mtoto wa kambini haijui vita. Anachokijua ni kungoja.

Lugha ya kambi

Kambini hukutana watu wa makabila mengi, na Kiswahili huwa kiungo chao. Mtunzi wa bunilizi ya kisayansi, ambaye daima hulalamikia uhaba wa istilahi, ana la kujifunza hapo. Neno 'afande' lina asili ya Kituruki, 'kuruta' limetoholewa kutoka Kiingereza, ilhali 'lindo' limeundwa kutokana na kitenzi chetu 'linda'. Kwa mbinu zizo hizo, kituo kinachoizunguka sayari ya mbali chaweza kuitwa lindo, na mgeni anayejifunza kuishi humo akaitwa kuruta. Mchezaji ataelewa bila kufasiriwa.

Kungoja kama tajriba

Mwandishi wa makala haya alilelewa kambini. Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yalipoingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi, baba yake alikuwa miongoni mwa waliokwenda. Alichokishuhudia mtoto hakikuwa mapigano. Ilikuwa taa ya mlangoni ambayo mama hakuizima usiku kucha. Ilikuwa michezo ya watoto iliyokatika ghafla kila gari la jeshi lilipopunguza mwendo mbele ya nyumba. Baba alirudi. Baba wa nyumba ya pili hakurudi.

Joe Haldeman, Mmarekani aliyepigana Vietnam, aliandika The Forever War (1974), riwaya ambamo askari anarudi nyumbani na kukuta miaka mingi imepita kuliko aliyoiishi yeye. Msingi wake ni fizikia: kwa anayesafiri kwa asilimia 99.5 ya kasi ya mwanga, mwaka 1 wake ni takriban miaka 10 ya waliobaki. Haldeman alimfuata askari. Mtoto wa kambini anaweza kubaki mlangoni na kuihesabu ile miaka 10.

Kutoka kumbukumbu hadi mchezo

Riwaya humfanya msomaji angoje pamoja na mhusika. Mchezo humtaka mchezaji aamue atakalofanya wakati wa kungoja. Tofauti hii ndiyo kiini cha utunzi. Katika rasimu ya kwanza ya mwandishi, mchezaji aliamriwa: "Kuruta, shambulia!" Amri hiyo ingeweza kuandikwa na yeyote. Katika rasimu ya pili, mchezaji ni binti aliyeachwa lindoni, nishati inapungua, na kioo kinamwuliza: "Afande hajarudi. Taa ya lango izimwe au iachwe?" Akiizima, watoto watapata joto, akiiacha, chombo cha baba kitaiona njia. Hakuna jibu lisilo na gharama.

Hitimisho

Imebainika kwamba utoto wa kambini humpa mtunzi lugha na kungoja, na kwamba mchezo huigeuza hali hiyo ya pili kuwa uamuzi. Hata hivyo, upo mpaka wa kuheshimiwa. Baba hajasimulia aliyoyaona huko, na mwandishi hana idhini ya kumbunia. Taa, lakini, aliiona mwenyewe. Mtunzi chipukizi na aanzie pale macho yake yalipofika. Hayo mengine ayaachie wenyewe.