Saratani iliyosambaa: Dawa mpya inakuja kufanya nini?



Wiki hii tuzungumzie mtihani unaozipata familia nyingi. Mama amekuwa akitibiwa saratani ya titi, kisha vipimo vinaonesha ugonjwa umefika kwenye mifupa, mapafu au ini. Hiyo ndiyo hatua ya nne. Daktari anasema abadilishiwe dawa.

Hapo ndugu hugawanyika. Wapo wanaodhani dawa mpya itaumaliza ugonjwa. Wengine husema mama asisumbuliwe tena, arudishwe nyumbani. Wote hawajauliza swali la msingi: dawa hii inakuja kufanya nini?

Tiba ya saratani ina malengo matatu: kuponya, kuuzuia ugonjwa usiendelee kwa muda, na kupunguza maumivu. Saratani ya titi ikishasambaa, kwa kawaida madaktari hawatarajii tena kuimaliza. Lakini malengo mawili yanabaki, nayo si madogo. Vidonge vya tamoksifeni, kwa mfano, huzuia homoni ya estrojeni isiulishe uvimbe. Huwafaa wale ambao kipimo cha uvimbe kimeonesha unategemea homoni hiyo, na wapo wanaoishi nao miaka kadhaa. Mionzi kwenye mfupa unaouma, wakati mwingine kwa siku moja tu, humpa mgonjwa nafuu akaweza kulala. Tiba hiyo inapatikana Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza.

Kabla ya kuanza, muulizeni daktari:

1. Lengo la dawa hii ni lipi?
2. Tutajuaje kama inafanya kazi, na atapimwa tena lini?
3. Ina madhara gani, na yapi ni ya kumrudisha hospitali haraka?
4. Gharama na safari zitakuwaje, na isipofaa tutafanya nini?

Maswali haya aulize mgonjwa mwenyewe au awepo yakiulizwa. Si haki vijana kuingia kwa daktari huku mama ameachwa kwenye benchi. Mwili ni amana aliyopewa yeye. Pengine ana deni la kulipa, wasia wa kuandika, au mtu wa kumuomba radhi. Aambiwe ukweli kwa upole, kwa kiasi anachotaka kujua.

Sasa tuje nyumbani. Dawa kali za saratani zinazotolewa kwa dripu hupunguza chembe nyeupe za damu, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14. Joto likifika nyuzi 38, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Msimpe Panadol mkangoja asubuhi. Vilevile mgongo ukiuma na miguu ikalegea, au akashindwa kuzuia mkojo, ni dharura ya siku hiyohiyo.

Kwa siku 2 baada ya dripu, anayesafisha matapishi au mkojo avae glavu, na nguo zilizochafuka zifuliwe peke yake. Hii ni kwa sababu ya dawa. Saratani yenyewe haiambukizi. Kaeni naye, mshikeni mkono. Mwenye mafua ndiye akae mbali.

Akiandikiwa mofini ya kunywa kwa maumivu, msiione kuwa ni ulevi au dalili ya kifo. Ni dawa, na humwezesha hata kukaa akaswali. Hufanya choo kigumu, hivyo ombeni na dawa ya kulainisha choo. Habasoda na miti shamba mtajieni daktari, kwani baadhi huingiliana na dawa. Ramadhani ikiingia, akumbuke kuwa mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga. Suala la fidya amuulize sheikh wake.

Kujitibu hakupingani na kutawakali. Na siku daktari akisema dawa inamdhuru kuliko inavyomfaa, kuisimamisha si kukata tamaa na rehema za Allah. Dawa ya maumivu, usafi, chakula anachokitamani na mtu wa kukaa pembeni yake haviachwi kamwe.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape shifaa wagonjwa wetu na subira wanaowauguza. Amin.