Somo la Mfugaji: Dawa ya Minyoo Pekee Haitoshi kwa Kuku

Kuku wa kienyeji ni akiba ya nyumba nyingi katika kaunti yetu. Mayai hununua sukari na madaftari, na jogoo huuzwa karo inapodaiwa. Minyoo huila akiba hiyo polepole: kuku anakula lakini hanenepi, mayai yanapungua, vifaranga wanadumaa. Wafugaji wengi hutia dawa kwenye maji, na baada ya miezi miwili hali inarudi ile ile. Somo hili linaeleza kwa nini, na la kufanya.

Minyoo hurudije?

Minyoo mviringo ndiyo inayoonekana zaidi. Ni myeupe kama tambi, na inaweza kupita urefu wa sentimita 7. Mayai yake hutoka na kinyesi. Yakikaa wiki 2 au 3 kwenye udongo au maranda yenye unyevu, huwa tayari kuambukiza, na yanaweza kudumu hapo kwa miezi mingi. Kuku akidonoa mahali hapo huyameza, na baada ya wiki 5 hadi 8 minyoo imekomaa na inataga tena. Dawa huua minyoo iliyo tumboni. Mayai yaliyo sakafuni haiyagusi.

Kuna pia tegu, ambao ni bapa na wana vipingili. Vipande vyao huonekana kwenye kinyesi kama punje za mchele. Kuku huwapata kwa kula nzi, siafu, mbawakawa na konokono walioambukizwa.

Jua unachotibu

Ukichinja kuku nyumbani, pasua utumbo wake utazame kabla ya kuutupa. Ukiona minyoo, mwambie muuzaji wa dawa ni ya aina gani. Kwa mfano, piperazini huondoa minyoo mviringo lakini haiondoi tegu.

Tahadhari: kinyesi chenye damu kwa vifaranga wa wiki 3 hadi 6 mara nyingi si minyoo. Ni koksidiosisi, yaani kuhara damu, inayoletwa na vimelea visivyoonekana kwa macho. Dawa ya minyoo haiutibu ugonjwa huu. Vifaranga wanaweza kufa kwa siku chache huku ukingoja dawa isiyo yake ifanye kazi. Watenge wagonjwa, badilisha maranda yaliyolowa, na umwone afisa wa mifugo siku hiyo hiyo ili upate dawa inayofaa, kama amproliamu.

Hatua za kutoa dawa

1. Tibu kuku wote siku moja, hata wanaoonekana wazima. Anza wakiwa na umri wa miezi 2 hivi, kisha rudia kila miezi 3.

2. Wafungie wote jioni. Asubuhi usiwafungulie, ondoa maji kwa saa 1 au 2 ili wapate kiu. Kuku aliye nje atakunywa maji ya dimbwi na kuiacha dawa.

3. Pima maji watakayomaliza asubuhi hiyo. Kuku mkubwa hunywa takriban robo lita kwa siku, kwa hivyo kuku 20 wanatosheka na lita 2 na nusu kwa nusu siku. Kipimo cha dawa ni kile kilichoandikwa kwenye kifurushi kwa idadi au uzito wa kuku wako. Usikisie.

4. Tumia vyombo viwili au zaidi, ili wanyonge wasifukuzwe na wenye nguvu.

5. Siku inayofuata, ondoa maranda na kinyesi chote. Lundika mbali na kuku, ufunike, yaoze kabla ya kupelekwa shambani.

6. Soma kwenye kifurushi ni siku ngapi usile wala kuuza mayai na nyama, na uzifuate.

Baada ya dawa

Banda liwe kavu na lisivuje. Weka vijiti vya kulalia juu ya sakafu. Lisha kwenye vyombo, si chini. Watenge vifaranga na kuku wakubwa, kwa kuwa wakubwa wanaweza kubeba minyoo bila kuonyesha dalili. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kufagia.

Kuku aliyedhoofishwa na minyoo hafaidiki vyema na chanjo. Kwa hivyo toa dawa wiki 1 au 2 kabla ya siku ya chanjo ya kideri.

Unaponunua dawa, angalia tarehe ya mwisho ya matumizi na uhakikishe kifurushi hakijafunguliwa. Ukiwa na swali, fika kwa afisa wa mifugo wa wadi yako ukiwa na kifurushi hicho mkononi. Kisha andika kwenye kalenda tarehe uliyotoa dawa, na tarehe ya miezi 3 ijayo.