TUIJUE FROMAJI NA NAMNA YA KUIGAWA MEZANI



Katika 1 Samweli 17:18 tunasoma ya kuwa Yese alimutuma Daudi kwa kambi ya vita na jibini kumi za kumupa mukubwa wa kikosi. Wengi wetu tunapita pale haraka ili tumufikie Goliati. Lakini jibini ile njo fromaji, na sisi tulijifunza habari yake kwa haya.

Siku moja mgeni alituletea fromaji nzima ya mviringo, kilo 2, kutoka Goma. Tuliiweka karibu na dirisha, penye jua. Kisha saa chache ikatoa jasho la mafuta, na harufu ikazidi. Tukasema imeoza, tukaitupa shimoni. Baba mmoja mfugaji aliposikia akatuuliza: «Wanangu, munajua mumemwaga litri ngapi za maziwa?» Hatukujua. Tukaanza kutafuta, na somo hili ndilo jibu letu.

1. Fromaji ni nini?
Ni maziwa yaliyogandishwa, yakatolewa maji yake. Kilo 1 inaomba karibu litri 10 za maziwa. Basi tulitupa litri 20! Ng'ombe mumoja wa kienyeji hawezi kutoa hayo kwa siku moja.

Kwanza maziwa yanapashwa moto mpaka digri 63 kwa nusu saa, juu ya kuua vijidudu vya magonjwa. Yasichemke: maziwa yaliyochemka hayagandi vizuri. Yakipoa mpaka karibu digri 32, yanatiwa prezire, dawa inayotoka katika tumbo la nne la ndama. Yakiganda yanakatwa vipande, maji yanachujwa, na vipande vinakandamizwa katika chombo. Halafu fromaji inalazwa katika maji ya chumvi, inawekwa juu ya mbao fasi ya baridi kwa majuma kadhaa, na kugeuzwa mara kwa mara.

2. Iko ya namna gani?
Iko fromaji laini ya kupaka, na iko ngumu ya kukwaruza. Katikati yao iko ya kati: kisu kinaingia bila nguvu, lakini kipande kinasimama. Hivi ni Port-Salut, iliyoanzishwa na watawa wa Entrammes, Ufaransa, na Gouda ya Uholanzi ikiwa ingali changa. Kwetu mashariki ya Kongo iko ile ya milima ya Masisi, watu wanayoiita fromaji ya Goma. Inafanana na Gouda. Mapadri Wabeleji walileta kazi hiyo katika miaka ya 1970, na wafugaji wakaishika, hata vita vilipomaliza ng'ombe wengi.

3. Namna ya kuigawa
a) Ikitoka kwa frigo, ikae mezani karibu saa moja ndani ya kivuli. Ya baridi sana haina ladha. Ya juani inatoa mafuta.
b) Ile ya mviringo ikatwe kutoka katikati kwenda pembeni, kila mutu apate moyo na pembeni. Kuchukua moyo peke yake ni kuwanyima wenzako.
c) Ngozi ya nta hailiwi.
d) Inapendeza na mukate, ndizi mbivu, ao chai. Ukiwa na namna mbili, anza na ile isiyo kali.
e) Inayobaki ifungwe na karatasi, iwekwe fasi ya baridi. Ikiota kuvu kidogo juu, kata upana wa vidole viwili, ule inayobaki. Laini yenye kuvu isiyo yake, tupa.

4. Neno la mwisho
Hapa Ituri vita vya 1999 mpaka 2003 viliwanyang'anya wazazi wengi ng'ombe zao, na wizi wa mifugo ulirudi tena nyuma. Maziwa ya asubuhi yanaharibika jioni kama barabara imefungwa. Fromaji inangoja majuma mengi. Mutoto anayejua kazi hii anaweza kuokoa maziwa ya baba yake. Sisi tulitupa, ninyi musitupe.

Maulizo
1. Kwa nini maziwa yasichemke?
2. Litri ngapi zinatoa kilo 3?
3. Fromaji yetu ilitoa jasho la nini, na kosa lilikuwa la nani?