Ukanushi Usioonekana: Mwanafunzi Kiziwi katika Darasa la Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwalimu wa darasa la kawaida anapopokea mwanafunzi kiziwi au mwenye usikivu hafifu, aghalabu humketisha mbele ili asome midomo. Hatua hiyo ina nia njema, na mara nyingi huishia hapo. Makala haya yanadai kwamba imani hiyo haiafikiani na umbo la Kiswahili chenyewe. Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia, athari yake haiishii katika kipindi cha sarufi.

2.0 Midomo Huonyesha Nini?

Vitamkwa /p/, /b/ na /m/ hutolewa kwa kufumba midomo yote miwili. Tofauti zao zimo katika nyuzi za sauti na chemba ya pua, mahali pasipoonekana. Kwa msomaji wa midomo, basi, *baba*, *mama* na *papa* ni umbo moja. Hapo muktadha huweza kusaidia. Tatizo huzidi pale mzigo wa kisarufi unapobebwa na viambishi vifupi:

(1) a. Alipiga.
    b. Alimpiga.

(2) a. Atakuja kesho.
    b. Hatakuja kesho.

Katika (1b) kiambishi cha yambwa humezwa na /p/ inayokifuata. Kinachobaki ni mfumbo wa midomo uliorefuka kidogo. Mfano wa (2) ni mzito zaidi. Kitamkwa /h/ hakina umbo lake cha midomo: midomo huchukua umbo la irabu inayofuata. Kauli yakinishi na kauli kanushi huonekana sawa kabisa. Mwenye usikivu hafifu naye hanusuriki, maana /h/ ni sauti dhaifu, nayo hupotea upesi katika chumba chenye kelele na mwangwi. (Nafsi za wingi zina nafuu: *tutakuja* na *hatutakuja* hutofautiana kwa silabi nzima.)

Katika imla, mwanafunzi aandikaye *atakuja* pale mwalimu aliposema *hatakuja* huhesabiwa kuwa hajui ukanushi. Kwa hakika ameandika alichokiona.

3.0 Darasani

Sentensi iandikwe ubaoni kabla ya kusemwa. Na mwalimu anapoandika, anyamaze, kwani mgongo hausomeki. Hata hivyo, hizi ni tiba ndogo. Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili, yenye sarufi yake. Kwa mtoto aliyekulia katika lugha hiyo, Kiswahili ni lugha ya pili, tena hufikiwa hasa kwa maandishi. Ufundishaji linganishi, tunaoupendekeza bila kusita kwa wageni, unamstahili yeye pia: ukanushi uonyeshwe kwanza kwa alama, kisha *ha-* ionyeshwe ubaoni.

Kenya ilifuata njia nyingine. Katiba ya 2010 iliitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, na katika mtihani wa KCPE, uliofanyika kwa mara ya mwisho 2023, watahiniwa viziwi waliweza kufanya karatasi ya lugha hiyo badala ya Kiswahili. Uamuzi huo uliwaondolea dhuluma ya kupimwa kwa sikio. Haukujibu swali la nani atawafundisha kusoma mkataba wa kazi, ambamo mwajiri *atalipa* au *hatalipa*.