Kitumbua na Mshubiri wa Dirishani: Mafunzo Niliyopata

1. Dawa ya mtu si dawa ya paka.

Nyumbani kwetu mshubiri haukosekani uani. Ukiungua, jani linakatwa. Kuku wakishikwa na kideri, jani linawekwa kwenye maji yao. Mtoto akigoma kuacha ziwa, chuchu inapakwa shubiri, habari imekwisha. Nilipohamia ghorofani Sinza mama alinipa mche ndani ya kopo la rangi, nikauweka dirishani, pale pale paka wangu Kitumbua anapoota jua. Sikuwa na wasiwasi: kitu kichungu vile, paka gani atakigusa?

Kitumbua alikigusa. Kufika jioni ametapika mara tatu, anaharisha, kisha akajikunja chini ya kitanda. Hata dagaa hakuwatazama. Daktari wa mifugo, kabla ya kumchoma sindano ya kuzuia kutapika na kumtundikia dripu, aliniuliza swali moja: ndani umeweka maua gani? Balaa, alinieleza, haliko sana kwenye ute mwangavu tunaojipaka usoni, bali kwenye utomvu wa manjano ulio chini tu ya ganda.

2. Maziwa hayaui sumu.

"Mpe maziwa, mwanangu," mama alisema kwenye simu, nami nikatii. Paka wengi wakubwa hawamudu sukari ya maziwa, kwa hiyo nilichofanya ni kuongeza kuhara juu ya kuhara. Jirani naye akashauri maji ya chumvi ili atapike. Namshukuru Mungu chumvi ilikuwa imeniishia, maana chumvi nyingi yenyewe ni sumu kwa paka. Siku hizi najua: mtoe mabaki mdomoni, chukua kipande cha jani, nenda kwa daktari.

3. Uliza jina la mmea.

Wauza maua wa barabara ya Bagamoyo walinionyesha meza nzima ya mimea ya majani manene, yote wakiiita "kaktasi". Meza ile ilikuwa na rafiki na adui bega kwa bega. Haworthia, inayofanana na mshubiri mchanga wenye michirizi myeupe, haimdhuru paka; wala echeveria iliyojipanga kama waridi. Lakini krasula ya majani manene yanayong'aa humtapisha na kumfanya ayumbe, na kalankoe, ile yenye vishada vya maua madogo ya petali nne, hugusa moyo wenyewe.

Halafu kuna waridi la jangwani, lenye shina lililofura kama mtungi. Jamii ya mmea huo ndiyo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupikia sumu ya mishale. Langu nilimpa dada yangu. Yeye hana paka. Ana mume, na mume hatafuni maua.

4. Minyaa ibaki mpakani.

Utotoni tulikatazwa kuivunja, maana maziwa yake yakiingia machoni utalia usiku kucha. Leo naikuta sebuleni, ndani ya vyungu vya bei mbaya.

5. Rafu ya juu ni ngazi tu.

Nilijaribu kuuweka mshubiri juu ya kabati, nikajaribu juu ya friji. Kitumbua alifika kote. Mwishowe nikamwoteshea ngano kwenye lile kopo la rangi, agugune apendavyo. Mama alipokuja kunitembelea aliinama, akachuma jani moja, akalinusa.

"Na hii," akauliza, "ni dawa ya nini?"